Maji ya Dripu Nayo Yana Kipimo

Mbweni iko ufukoni, kaskazini mwa mji wa Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni. Mtu wa huko akilazwa katika hospitali ya Mwananyamala, jamaa zake hupanda daladala, wakafuata barabara ya Bagamoyo, wakapita Tegeta na Mwenge, mkononi wamebeba chupa ya uji na kikapu chenye kanga safi. Wakirudi jioni huwakuta majirani wakiwangojea. Na swali la kwanza mara nyingi si “Anaumwa nini?” bali ni hili: “Je, ametundikiwa dripu?” Wakijibiwa ndiyo, mioyo hutulia, maana wanaona kwamba mgonjwa ameshughulikiwa. Wakijibiwa hapana, basi manung’uniko huanza. Kwa nini asitundikiwe? Au manesi wamemdharau? Au wanangoja wapewe kitu?

Swali hilo si la watu wa Mbweni peke yao. Utalisikia Temeke, utalisikia Ifakara, utalisikia Tabora na Bukoba. Na katika wodi za watoto mazungumzo kama haya ni ya kila siku:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nesi, mbona mjukuu wangu hamjamtundikia maji? Tangu asubuhi amelala tu.”

“Bibi, dawa ya malaria tumeshamchoma, na maji anakunywa vizuri kwa kikombe. Akiacha kunywa, au akitapika kila kitu, tutamtundikia.”

“Lakini yule wa kitanda cha pili mmemtundikia.”

“Yule hawezi kumeza, bibi.”

Bibi hunyamaza, lakini moyoni hakuridhika. Usiku atamwambia binti yake kwamba mtoto ametupwa. Huenda hata wakamtoa wodini, wakampeleka kwa mtu mwenye duka la dawa anayetundikia dripu kila aingiaye na kulipa.

Nesi yule amesema kweli. Na ukweli huo, ndugu msomaji, haukuletwa tu na vitabu vya Ulaya. Ulionekana kwa uchungu mwingi katika hospitali zetu wenyewe za Afrika ya Mashariki, kwa watoto wetu wenyewe.

NI NINI KILICHOMO CHUPANI?

Watu wengi huamini kwamba dripu ni chakula. Husema, “Hajala siku tatu, lakini ametundikiwa dripu, nguvu zitarudi.” Hebu tuone.

Dripu zinazotumika sana katika hospitali zetu ni za namna tatu. Ya kwanza ni maji ya chumvi. Katika lita moja mna gramu 9 za chumvi, basi. Hamna sukari, hamna unga, hamna vitamini yoyote. Chupa au mfuko wa nusu lita una chumvi isiyojaza hata kijiko kimoja cha chai. Ya pili ni maji ya Ringer, yaliyopewa jina la mganga Mwingereza Sydney Ringer. Hayo yana chumvi za namna kadhaa zinazofanana na zile zilizomo katika damu. Ya tatu ni maji ya sukari. Nusu lita ya maji ya sukari yanayotumika sana ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko vidogo vitano au sita. Kipande cha muhogo wa kuchemsha chenye uzito wa gramu 100 kina nguvu kuliko chupa hiyo nzima.

Kwa hiyo mgonjwa awezaye kula akanyimwa uji kwa sababu “ana dripu” anashindishwa njaa. Na mtu mzima aliyechoka kwa kazi, akamwita mtu aje nyumbani amtundikie “dripu ya nguvu”, ananunua maji, chumvi na sukari kidogo kwa bei kubwa, na juu yake ananunua hatari ya kuingiziwa vijidudu katika damu. Nguvu angezipata kwa ugali, samaki na usingizi.

Je, dripu ni bure basi? Hasha. Maji hayo ni dawa kabisa, tena dawa kali, kwa kuwa hayapiti tumboni. Mtu akinywa maji kupita kiasi, kwa kawaida tumbo hukataa, kiu huisha, naye huacha mwenyewe. Lakini maji yanayopita katika mshipa hayana bawabu. Yakiruhusiwa kuingia huingia tu, yawe machache au mengi, mwili upende usipende.

Tena kipimo cha mtu mzima si kipimo cha mtoto. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mtoto wa kilo 10, yaani mtoto wa kama mwaka mmoja hivi, ana damu ya mililita 800 tu. Chupa ya nusu lita kwa mtu mzima ni sehemu moja ya kumi ya damu yake. Kwa mtoto yule chupa ileile ni zaidi ya nusu ya damu yote aliyo nayo! Mama anayeona chupa ileile kwa baba na kwa mtoto hawezi kulijua jambo hilo kwa macho. Lakini moyo wa mtoto unalijua.

YALIYOONEKANA KILIFI, MBALE NA MUHEZA

Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri walikuwa na desturi moja. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio, mishipa ikiwa haijai damu vizuri, walimpa maji mengi ya dripu kwa haraka, ndani ya saa moja. Walifikiri hivi: damu haizunguki vizuri, basi tuongeze maji ndani ya mishipa ili izunguke. Fikira yenyewe ilionekana safi, ikaandikwa vitabuni, ikafundishwa vyuoni. Kumbe ilikuwa haijajaribiwa sawasawa.

Huku kwetu hospitali nyingi hazikufanya hivyo, kwa kuwa hazikuwa na maji ya kutosha wala watu wa kutosha. Wengi waliona haya kwa ajili ya upungufu huo. Waliamini kwamba watoto wetu wanakufa kwa kukosa kile wanachokipata watoto wa Ulaya.

Basi mwaka 2009 waganga wa Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na wenzao wa Uingereza, wakiongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland afanyaye kazi Kilifi, walianza uchunguzi mkubwa. Hospitali zilikuwa 6: Kilifi huko Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza, mkoa wa Tanga. Lacor, iliyo karibu na Gulu, wasomaji wetu wengine wataijua. Ni hospitali ya Kanisa Katoliki iliyoanzishwa mwaka 1959 na wamisionari wa Comboni. Ndipo alipofanya kazi Daktari Matthew Lukwiya, aliyekufa kwa Ebola mwezi wa Desemba mwaka 2000 baada ya kuwahudumia wagonjwa wa ugonjwa huo. Muheza ni hospitali ya ndugu zetu Waanglikana.

Watoto walioingizwa katika uchunguzi walikuwa 3,141. Wote walikuwa mahututi kwa homa, na zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza walipewa kwa haraka maji yenye albumini, yaani protini itokayo katika damu ya watu. Fungu la pili walipewa kwa haraka maji ya chumvi. Kipimo kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto katika saa moja, na baadaye kikaongezwa kufika 40. Fungu la tatu hawakupewa maji ya haraka, ila yale machache ya kawaida yanayodondoka polepole. Dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, hewa safi ya oksijeni, na damu kwa waliopungukiwa damu, walipewa wote sawasawa.

Msomaji aweza kuuliza: je, ni haki kuwapimia watoto wagonjwa kwa bahati nasibu? Swali ni zuri. Ridhaa ya wazazi ilitakiwa. Pale mtoto alipokuwa katika hatari kubwa, mzazi alielezwa kwa kifupi kwanza, kisha akaelezwa yote na kutia sahihi baadaye. Kwa maoni yangu ingekuwa dhambi kubwa zaidi kuendelea kuwapa maelfu ya watoto dawa ambayo hakuna aliyejua kama inaponya au inaua.

Ilikusudiwa kuchukua watoto 3,600. Haikufika. Mwezi wa Januari mwaka 2011 kamati iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto hao ilishauri kazi ya kuwaingiza watoto wapya isimamishwe mara moja, maana hesabu ilikuwa imekwisha kusema. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,050 waliopewa maji ya albumini walikufa 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi walikufa 110. Na kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka walikufa 76.

Soma tena hesabu hiyo. Kwa kila watoto 100 waliopewa maji mengi kwa haraka, walikufa watatu zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Habari hizo zilitangazwa mwaka huohuo wa 2011, na madaktari wa dunia nzima walishangaa. Wengi walikuwa wanangojea kuona jinsi maji yatakavyookoa.

Jambo moja katika habari hizo litamgusa kila mzazi. Katika saa ya kwanza watoto waliopewa maji mengi walionekana kupata nafuu kuliko wenzao. Mikono ilipata joto, damu ikaanza kurudi upesi vidoleni. Mama aliyekaa kitandani angemshukuru Mungu na kumshukuru nesi. Vifo vile vya ziada vilikuja baadaye. Waliochunguza habari za kila mtoto waliona kwamba wengi wa watoto hao wa ziada hawakufa kwa maji kujaa mapafuni, kama wengi walivyohofu, bali kwa kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu. Macho yetu, basi, si mashahidi wa kutosha katika jambo hili.

Wengine katika nchi tajiri walibisha. Walisema: hao hawakuwa na mashine za kupumulia, kwetu ni tofauti. Huenda. Lakini kwetu hoja hiyo ndiyo hasa yenye uzito, kwa kuwa hospitali zetu nyingi hazina mashine hizo, nasi twapaswa kutibu kwa yale yaliyotokea katika wodi kama zetu. Tena mwaka 2017 majirani zetu wa Zambia walitoa habari za watu wazima waliolazwa katika hospitali kuu ya Lusaka, damu yao ikiwa imeingiliwa na vijidudu na kushuka nguvu, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi kwa utaratibu mkali, pamoja na dawa za kupandisha nguvu ya damu, walikufa 48 katika kila 100. Waliotibiwa kwa desturi ya kawaida ya hospitali ile walikufa 33 katika kila 100. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kurekebisha maagizo yake kuhusu watoto: mtoto mwenye dalili moja tu au mbili za damu kutozunguka vizuri asipewe maji ya haraka, ila apewe yale ya kawaida ya kumtunza.

Kwa hiyo nesi akisema, “Huyu hahitaji kutundikiwa,” usidhani kwamba anabana chupa za serikali.

PALE AMBAPO MAJI NDIYO UHAI

Lakini mtu asiichukue makala hii akakimbia nayo nusu njia. Uchunguzi ule haukuwahusu watoto wa kuharisha, wala walioungua moto, wala waliotoka kupasuliwa, wala wenye utapiamlo mkali. Mtu aliyepoteza maji au damu lazima arudishiwe alichopoteza. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua hutiwa maji upesi wakati damu inatafutwa, na hapo kila dakika ina thamani.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kipindupindu. Watu wa Kinondoni wanaujua. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 ugonjwa huo ulizuka katika wilaya yao, ukaenea Dar es Salaam, kisha mikoani, hata ukaingia Zanzibar. Kufikia mwanzo wa mwaka 2018 Tanzania ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000, na waliokufa walizidi 500. Mtu wa kipindupindu aweza kupoteza lita nyingi za maji kwa siku moja. Macho huingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hubaki imesimama, sauti hukauka.

Hapo dripu ni lazima, tena ya haraka. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekaukiwa sana hupewa mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa, kisha 70 kwa kila kilo katika saa mbili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka hupewa kiasi hichohicho, lakini kwa muda mrefu zaidi: saa moja, kisha saa tano. Ona jinsi daktari anavyohesabu kilo na dakika! Ndiyo maana mtoto hupimwa uzito kwanza, hata kama mama analia na kuona wanachelewa.

Aliyeanza kutia maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa wa kipindupindu alikuwa mganga Mskoti, Thomas Latta, katika mji wa Leith mwaka 1832. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Latta alimtia maji zaidi ya lita tatu kwa muda wa nusu saa, na mama yule akafumbua macho, akasema, uso ukapata uhai. Mganga, akidhani kazi imekwisha, alimwacha mikononi mwa mwingine. Kuharisha kukarudi, maji hayakuongezwa, na kwa saa chache mama akafariki. Somo lake ni la namna mbili: maji huokoa, na mgonjwa wa maji haachwi bila mtu wa kumhesabia yanayoingia na yanayotoka.

Na wagonjwa wengi wa kuharisha hawahitaji sindano hata kidogo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika mji wa Bongaon huko India, na kipindupindu kikaingia kambini. Chupa za dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji, akawapa jamaa wa wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi 3 au 4. Kazi ile ilifanywa na mama, baba na ndugu, kikombe baada ya kikombe.

Leo kila zahanati ina pakiti za ORS, nazo ndizo bora. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Mama asiache kumnyonyesha. Pamoja na hayo mtoto apewe vidonge vya zinki kwa muda wa siku 10 hadi 14, na zahanati itakuambia kipimo chake kwa umri. Lakini akiwa amelegea asiamke, au akishindwa kunywa, au ukiona damu katika choo, usikae nyumbani na kikombe. Beba mtoto uende, na njiani endelea kumnywesha kama aweza kumeza.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, yule aliyekonda mifupa ikaonekana au aliyevimba miguu, madaktari huogopa dripu kabisa. Moyo wake umedhoofika kama misuli yake. Humpa maji ya namna ya pekee kwa mdomo au kwa mpira wa puani, na dripu huachiwa hatari kubwa tu. Vivyo hivyo mama mwenye kifafa cha mimba hutiwa maji kwa kubana sana, maana mapafu yake hujaa upesi.

KITANDANI PA MGONJWA

Hospitali zetu zina wagonjwa wengi na manesi wachache. Jamaa akaaye kitandani aweza kuwa msaada mkubwa, au aweza kuleta madhara kwa wema wake mwenyewe.

Katika mpira wa dripu kuna kigurudumu kidogo cha kupunguza na kuongeza matone. Usikiguse. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Nusu lita ikitakiwa kwisha kwa saa 8, yatadondoka matone kama 21 kwa dakika. Ikitakiwa kwa saa 4, kama 42. Nesi amehesabu hayo kwa saa yake. Jamaa akiona kwamba “yanachelewa” akafungua kigurudumu, maji ya saa 8 huingia kwa dakika chache. Kwa mzee mwenye moyo mbovu, au kwa mtoto, jambo hilo laweza kuwa mauti. Na mgonjwa akigeuza mkono, matone huweza kubadilika yenyewe. Basi yatazame, na ukiona yanakwenda mbio au yamesimama, mwite nesi.

Chupa ikiisha watu hupiga kelele kwamba hewa itaingia mwilini imuue mgonjwa. Kwa kawaida maji husimama katika mpira yenyewe, hayateremki yote. Hatari iliyo ya kila siku ni nyingine: damu hurudi katika ile sindano ya plastiki, inaganda, na njia inaziba. Itabidi mtoto achomwe upya, na mishipa ya mtoto aliyekaukiwa haionekani kwa urahisi. Mwambie nesi kabla chupa haijaisha. Mahali pa sindano pakivimba, pakiwa pekundu, pakiuma au pakitoa usaha, sema upesi. Maji huenda yanaingia katika nyama badala ya mshipa, au vijidudu vimeingia. Usiloweshe bandeji wakati wa kumwogesha mgonjwa. Na sindano isiyotumika tena haina sababu ya kubaki mkononi, hivyo waweza kuuliza kwa adabu kama yaweza kutolewa.

Mgonjwa aliyepasuliwa aweza kurudi kutoka chumba cha upasuaji na mpira mwingine unaotoka karibu na jeraha, umeunganishwa na chupa au mfuko. Watu huogopa sana wakiuona. Wengine husema daktari amesahau kitu tumboni. Sivyo. Mpira huo umewekwa makusudi, ili damu, maji au usaha vipate njia ya kutoka visijikusanye ndani. Ukikaa siku kadhaa na vitokavyo vikipungua, hutolewa. Mfuko wake ukae chini kuliko jeraha, usivutwe, usikunjwe, usilaliwe. Yatokayo yakibadilika ghafla yakawa damu mbichi nyingi, au yakawa na rangi ya kijani au harufu mbaya, au yakakoma ghafla huku mgonjwa anavimba na kuumwa, nesi aambiwe papo hapo.

Mpira wa kifuani nao una chupa yenye maji sakafuni. Maji yale ni kama mlango: hewa na damu hutoka kifuani lakini hewa ya nje hairudi. Chupa hiyo isiinuliwe kamwe juu ya kifua cha mgonjwa, hata kama mtu anafagia na anataka kuipitisha. Ukiona maji ndani ya mpira yanapanda na kushuka kwa pumzi, usiogope, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nitaje kosa lifanywalo na watu wema kuliko wote. Dada amekuja kumtazama kaka yake, aona mfuko wa mkojo umejaa, au chupa ya mpira wa jeraha imejaa, naye kwa usafi na upendo anakwenda kuimwaga chooni. Hapo ameifuta hesabu ya daktari. Mtu mzima wa kilo 60 atazamiwa kutoa mkojo si chini ya mililita 30 hivi kwa saa, yaani kama 700 kwa siku. Ukiwa chini ya hapo, daktari hujiuliza: je, maji aliyopewa hayatoshi, au figo zimechoka? Majibu hayo mawili yana matibabu yaliyo kinyume kabisa. Moja lataka kuongeza dripu, jingine huenda likataka kupunguza. Na bila kuujua mkojo uliotoka, na vilivyotoka katika jeraha, na matapishi, daktari anabahatisha.

Kwa hiyo usimwage kitu mpaka kipimwe. Na kile unachompa mgonjwa kwa mdomo kiandike pia, kama umeruhusiwa kumpa. Kipande cha daftari la mtoto na penseli vyatosha: saa mbili uji kikombe kimoja; saa nne maji nusu kikombe; saa sita alitapika, kama nusu bakuli; saa saba chai kikombe kimoja. Nesi akipita na karatasi yake ya maji, mpe usome naye. Na ukiondoka kurudi Mbweni kwa daladala ya jioni, mwachie kipande hicho ndugu anayelala na mgonjwa, umwonyeshe mstari ulipoishia.